Marufuku ya Zamani na Mgonjwa wa Leo: Dawa za Moyo kwa Wenye Maradhi Sugu ya Mapafu

Katika vyuo vya afya kuna sentensi moja ambayo tabibu huifundishwa mapema na kuishika hadi siku ya kustaafu: mgonjwa wa kifua asipewe kizuia-beta. Ni sentensi fupi, ni rahisi kukumbuka, na wakati ilipoanza kusemwa ilikuwa na haki yake. Lakini dawa zimebadilika tangu wakati huo, maarifa kuhusu mapafu yameongezeka, na wagonjwa wanaobeba ugonjwa wa moyo na ugonjwa sugu wa mapafu katika mwili mmoja si wa nadra tena. Sentensi imebaki ileile. Matokeo yake ni kwamba watu ambao dawa hiyo ingewaongezea miaka hunyimwa kwa jina la tahadhari, na papo hapo wengine ambao hawakupaswa kabisa kuipata hupewa, kwa kuwa aliyeiandika hakuuliza swali lolote kuhusu pumzi zao.

Mgonjwa anayezungumziwa anajulikana kwa kila mhudumu wa afya wa Afrika Mashariki. Huenda ni mama wa miaka sitini na kitu aliyepika kwa kuni tangu utotoni, katika jiko lisilo na dohani. Huenda ni mzee aliyepona kifua kikuu miaka mingi iliyopita, vijidudu vikaondoka, makovu yakabaki. Huenda ni mchimbaji wa madini aliyevuta vumbi la mawe, au mvutaji sigara aliyeacha akiwa amechelewa. Anakohoa kila asubuhi na kutoa makohozi. Akipanda kilima anatweta. Kisha miguu inaanza kuvimba, usiku halali mpaka aweke mito mitatu, na kipimo cha ultrasaundi ya moyo kinaonyesha moyo uliopanuka na usiosukuma damu kwa nguvu ipasavyo. Tangu siku hiyo ana magonjwa mawili, kila moja na kliniki yake, siku yake na dawa zake. Daftari lake, lile daftari la shule lenye pembe zilizokunjamana ambalo ndilo kumbukumbu pekee ya afya yake, linaandikwa na watu wanne au watano ambao hawajawahi kukaa meza moja.

Ili kuelewa mzizi wa marufuku, yafaa kurudi kwenye miaka ya 1960, ilipoanza kutumika propranololi, tunda la kazi ya James Black, mtaalamu wa Uskoti ambaye baadaye, mwaka 1988, alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Hoja yake ilikuwa hivi: moyo unaougua huchoshwa zaidi na homoni za msisimko, yaani adrenalini na ndugu zake, zinazouamuru upige haraka na kwa nguvu. Amri hiyo hupokelewa na vipokezi viitwavyo beta. Ukivifunga, moyo unapumzika, mahitaji yake ya oksijeni yanapungua na maumivu ya kifua yanatulia. Shida ni kwamba vipokezi vya aina hiyo haviko moyoni peke yake. Vya moyo, kwa sehemu kubwa, ni beta-1. Katika misuli inayozunguka njia za hewa za mapafu kuna beta-2, na kazi ya hivyo ni kuziacha njia hizo zibaki wazi. Propranololi haichagui. Hufunga vyote viwili. Mtu mwenye pumu aliyemeza kidonge kimoja cha dawa hiyo aliweza kubanwa kifua muda mfupi baadaye, na baya zaidi, inhela yake ya salbutamoli ilishindwa kumwokoa, kwa sababu salbutamoli hufanya kazi kwa kuvigusa vipokezi vilevile ambavyo propranololi ilikuwa imekwisha kuvifunga. Watu walikufa kwa njia hiyo. Marufuku ilitoka hapo, na hakuna mwenye busara anayewalaumu walioiandika.

Baadaye zikaja dawa zinazoelekea zaidi kwenye beta-1: atenololi, metoprololi, bisoprololi. Hizi zina upendeleo wa moyo. Upendeleo huo ni wa kiasi, si wa moja kwa moja. Dozi ikipanda sana, dawa huanza kugusa na mapafu. Hata hivyo tofauti kati yake na propranololi ni kubwa kiasi kwamba kuziweka zote chini ya sentensi moja ni sawa na kumkataza mtu asile samaki yeyote kwa kuwa bunju ana sumu. (Mgonjwa anayetaka kuzitambua asome pakiti: majina ya kundi hili, yakiandikwa bila irabu ya mwisho inayoongezwa kwa Kiswahili, huishia na herufi tatu, ‘lol’. Salbutamoli haimo, ingawa sikio linaweza kudanganyika. Yenyewe hufanya kinyume kabisa.)

Ni faida gani inayopotea dawa hizi zinaponyimwa? Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa CIBIS-II, uliohusisha wagonjwa 2,647 ambao mioyo yao ilishindwa kufanya kazi vizuri. Waliopewa bisoprololi walikufa kwa uwiano wa asilimia 11.8; waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 17.3. Hatari ya kifo ilipungua kwa theluthi moja. Mwaka uleule utafiti wa MERIT-HF ulionyesha jambo linalokaribiana sana na hilo kwa metoprololi ya kutoa dawa polepole. Ni nadra katika tiba ya magonjwa sugu kupata vidonge vya bei ya kawaida vinavyookoa watu kwa kiwango hicho. Kwa hiyo daktari anayeandika “hapewi, ana kifua” anapaswa kutambua kwamba ameandika uamuzi mzito.

Je, mapafu yanastahimili? Mwaka 2005 wachambuzi wa Cochrane walikusanya majaribio ya vizuia-beta vyenye upendeleo wa moyo kwa watu wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Hawakuona kushuka kwa maana kwa nguvu ya kupuliza hewa, wala kuongezeka kwa dalili, wala inhela kupoteza uwezo wake. Mwongozo wa kimataifa wa ugonjwa huo, ujulikanao kwa jina la GOLD, unasema wazi kwamba mgonjwa mwenye sababu ya moyo atibiwe kama mgonjwa mwingine yeyote wa moyo, kwa dawa za beta-1.

Lakini uaminifu unadai kutajwa kwa habari isiyopendeza. Kwa kuwa takwimu za awali zilidokeza kuwa wagonjwa wa mapafu wanaotumia vizuia-beta huishi muda mrefu zaidi, baadhi ya wataalamu walianza kujiuliza kama dawa hizi si tiba ya mapafu yenyewe. Nchini Marekani utafiti wa BLOCK-COPD uliwapa metoprololi wagonjwa wa mapafu ambao hawakuwa na sababu ya wazi ya moyo kuitumia. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2019 kutoka kwa washiriki 532, hayakuonyesha kupungua kwa mashambulizi ya ugonjwa. Tena, waliotumia metoprololi walilazwa zaidi hospitalini kwa mashambulizi makali. Miaka mitano baadaye utafiti wa Uingereza uliotumia bisoprololi haukuona madhara hayo, lakini nao haukuona faida kwa mapafu.

Wapo waliozipokea habari za 2019 kama ushahidi kwamba marufuku ya zamani ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Wameusoma utafiti nusu. Wagonjwa waliohitaji kizuia-beta kwa sababu ya moyo waliachwa nje ya utafiti huo kwa makusudi; kwa hiyo hauwezi kutumiwa kuamua hatima yao. Unachosema ni kwamba kizuia-beta ni dawa ya moyo na si dawa ya mapafu, na kwamba asiye na sababu ya kukimeza asikimeze. Hiyo ni habari ya thamani, hasa kwa vituo ambako atenololi huandikwa kama dawa ya kwanza ya shinikizo la damu kwa mazoea tu. Kwa mgonjwa wa mapafu mwenye shinikizo la damu pekee, amlodipini hufanya kazi hiyo bila kugusa njia za hewa.

Kwa nini basi marufuku ya jumla inadumu? Sababu haiko katika vitabu, iko katika namna madhara yanavyohesabiwa. Mgonjwa akipewa dawa na jioni ile akabanwa kifua, kila mtu anajua nani aliandika. Jamaa wanakuja, faili linafunguliwa, kikao kinaitishwa. Mgonjwa akinyimwa dawa na akafa ghafla nyumbani miezi minane baadaye, watu husema moyo umemchukua, au Mungu amempenda zaidi, na hakuna anayelifungua daftari kutafuta dawa ambayo haikuandikwa. Daktari wa kawaida, akiwa peke yake zamu ya mchana na wagonjwa arobaini nje, ataogopa kosa linaloonekana kuliko lile lisiloonekana. Ni woga wa kibinadamu. Ila madhara ya kutotenda nayo ni madhara, na chuo kinachofundisha tiba kina wajibu wa kuyafanya yaonekane.

Kuna kikwazo kingine, nacho ni cha lugha. Kwa Kiswahili cha kila siku neno “pumu” hubebeshwa kila kifua kinachotoa mlio wa mluzi. Mtoto anayebanwa na vumbi ana pumu. Bibi aliyekaa jikoni miaka hamsini ana pumu. Hata mtu ambaye mapafu yake yamejaa maji kwa sababu moyo umeshindwa huambiwa ana pumu, maana naye usiku hukorota na kutoa mluzi. Neno likishaandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari halifutiki. Lakini kwa suala hili tofauti ni ya uhai na kifo. Katika pumu halisi njia za hewa ni nyepesi kukasirika, na hata kizuia-beta chenye upendeleo hutakiwa kuamuliwa na mtaalamu, baada ya kupima faida na hatari, na dozi ya kwanza itolewe penye uangalizi. Vile visivyo na upendeleo haviruhusiwi. Katika ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, uzibaji ni wa kudumu na haubadiliki sana kwa kuchokozwa, ndiyo maana dawa za beta-1 hustahimiliwa. Na katika mluzi wa moyo, kizuia-beta ni sehemu ya tiba yenyewe, ingawa huanzishwa baada ya maji kuondolewa.

Kipimo cha kupuliza hewa, spairometri, ndicho kinachopaswa kuamua kati ya mbili za kwanza, na hakiko kila wilaya. Pale kisipokuwepo, maswali ya kawaida bado yana nguvu kubwa. Tatizo lilianza lini: utotoni, au baada ya miaka arobaini? Kuna majira ambayo mgonjwa ni mzima kabisa, au hakuna siku anayopumua kama zamani? Kuna mafua ya mzio, ukurutu, ndugu wenye pumu? Alipika kwa nini, alivuta nini, alichimba wapi, aliwahi kutibiwa kifua kikuu? Na mluzi huo huja akilala chali na kupungua akikaa? Dakika tano za maswali hayo zinaweza kulirekebisha neno lililoandikwa miaka kumi iliyopita na mtu aliyekuwa na haraka.

Mgonjwa akishajulikana, namna ya kuanza haina siri. Dawa haianzishwi siku ya shambulio la mapafu, wala siku ambayo miguu imevimba na mapafu yamejaa maji. Subira ya siku chache au wiki chache si hasara. Bisoprololi kwa moyo ulioshindwa huanza na miligramu 1.25 mara moja kwa siku, na huongezwa si kabla ya wiki mbili, kidogo kidogo, kuelekea miligramu 10 kama mwili unakubali. Kila hatua mgonjwa hupimwa mapigo ya moyo, shinikizo la damu, uzito, na husikilizwa kifua. Wengine hawafiki dozi ya juu, na hilo lisichukuliwe kama kushindwa. Dozi ndogo inayomezwa kila siku inashinda dozi kubwa iliyoachwa. Kwa upande mwingine, mgonjwa anayeitumia tayari akipatwa na shambulio la mapafu, si lazima iondolewe mara moja. Kuiondoa ghafla huweza kuurudishia moyo msisimko wote kwa mkupuo, na kuleta maumivu ya kifua au hata mshtuko wa moyo. Kama hali inalazimu, daktari hupunguza. Mgonjwa mwenyewe asikate kwa uamuzi wake.

Hapa ndipo suala la ugavi linapoingia, na ni vigumu kulikwepa. Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeitaja bisoprololi, huku metoprololi na kavediloli zikikubaliwa kama mbadala. Mbadala huo unafaa kwa moyo. Kwa mapafu si sawa, kwa kuwa kavediloli haina upendeleo na hufunga beta-2 pia. Wagonjwa wengi wa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa huistahimili, na pale ambapo ndiyo pekee iliyopo, ni bora kuijaribu kwa dozi ndogo ya miligramu 3.125 mara mbili kwa siku, chini ya uangalizi, kuliko kumwacha mgonjwa bila kitu. Mwenye pumu asipewe. Lakini hospitali inayoagiza kavediloli peke yake, kwa hoja kwamba orodha inaruhusu, imemwamulia mgonjwa wa mapafu jambo bila kumwona. Kamati za dawa za hospitali zingefaa kuuliza ni wangapi kati ya wagonjwa wa kliniki yao ya moyo wana kifua kibovu, kisha ndipo ziandike oda.

Wakati mabishano yote yanahusu bisoprololi, propranololi huendelea kupita bila kuulizwa, kwa sababu haiandikwi kila mara kama dawa ya moyo. Huandikwa kwa tezi ya shingo iliyozidi kufanya kazi, kwa kipandauso, kwa mikono inayotetemeka. Kandokando ya Ziwa Victoria, ambako kichocho cha tumbo huharibu ini na kuvimbisha mishipa ya damu ya umio, hutolewa ili kuzuia mgonjwa asitapike damu, na kwa kazi hiyo ni lazima iwe ile isiyo na upendeleo. Daktari wa tumbo anafikiria mishipa. Mapafu hayamo mawazoni mwake. Na iko njia nyingine iliyofichika zaidi: matone ya macho. Timololi, dawa ya kawaida ya presha ya macho, ni kizuia-beta kisicho na upendeleo. Tone linalotiwa jichoni hupita kwenye kijia cha machozi hadi puani, huingia katika damu bila kupitia ini, na kufika mapafuni. Mgonjwa wa pumu anaweza kubanwa vikali kwa tone hilo. Akiulizwa na daktari wa kifua “unatumia dawa gani?”, hujibu kwa kutaja vidonge. Ni wachache wanaohesabu chupa ndogo ya macho kuwa ni dawa ya kutajwa, na ni wachache vilevile wanaoulizwa juu yake.

Hatari ya pili isiyopata mjadala wa kutosha ni upungufu wa madini ya potasiamu. Mama aliyetajwa mwanzoni hutumia furosemaidi kutoa maji. Furosemaidi huondoa potasiamu kwa njia ya mkojo. Anapobanwa hupewa salbutamoli kwa wingi. Salbutamoli huisukuma potasiamu itoke katika damu na kuingia ndani ya chembe hai. Pamoja nayo hupewa prednisoloni, nayo huipunguza zaidi. Kila dawa kati ya hizo ina sababu nzuri, na hakuna hata moja iliyoandikwa kwa makosa. Lakini zikikutana katika juma moja, na hasa kama mgonjwa anameza digoksini, moyo huweza kupoteza mwendo wake. Digoksini ina nafasi finyu sana kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru, na nafasi hiyo hufinyika zaidi potasiamu inaposhuka, oksijeni inapopungua au figo zinapochoka. Mgonjwa wa mapafu anayelazwa kwa shambulio huweza kuwa na hayo matatu kwa pamoja. Kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kuona rangi ya njano vinaweza kuwa onyo. Kupima potasiamu na kreatinini siku ya kulazwa ni kazi ya mrija mmoja wa damu. Inasikitisha kwamba katika wodi nyingi mrija huo huchukuliwa siku ya tatu, baada ya mapigo kuharibika.

Kuhusu kikohozi, kuna kosa ambalo humgharimu mgonjwa fedha na mapafu. Enalaprili, kaptoprili na lisinoprili, dawa zinazosaidia sana moyo na shinikizo la damu, huleta kikohozi kikavu cha kukereketa koo kwa mtu mmoja hivi katika kila kumi, na tafiti nyingine zimeona zaidi. Kinaweza kuanza baada ya siku chache au baada ya miezi. Kwa mtu ambaye tayari anakohoa, nani atakitambua? Hupewa antibiotiki, kisha nyingine, kisha hupimwa kifua kikuu mara ya tatu, kisha huongezewa inhela. Swali la kuuliza ni rahisi: kikohozi hiki ni kilekile cha zamani chenye makohozi, au ni kipya, kikavu, na kilianza baada ya kidonge gani? Kubadilishiwa losartani kwa kawaida hukikomesha ndani ya wiki chache. Dawa hizohizo za kundi la enalaprili huweza, kwa nadra, kuvimbisha midomo, ulimi na koo, na jambo hilo hutokea zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Hapo mgonjwa hasubiri siku ya kliniki.

Nyingine zatosha kutajwa kwa ufupi. Amiodaroni, inayotuliza mapigo yaliyopotea, inaweza kuyaunguza mapafu polepole, na hubaki mwilini wiki na miezi baada ya kuachwa. Asiyepigwa picha ya kifua kabla ya kuianza atakosa cha kulinganisha baadaye. Adenosini ya sindano inaweza kubana njia za hewa za mwenye pumu, hivyo hutafutwa njia nyingine. Tikagrelori, wanayopewa baadhi ya waliopata mshtuko wa moyo, ilileta hisia ya kukosa pumzi kwa watu karibu 14 katika kila 100 kwenye utafiti wake mkuu, bila mapafu kuwa na tatizo jipya. Aspirini ya kulinda moyo haina shida kwa wengi, ila wapo wenye pumu, mara nyingi na vinyama puani, ambao hubanwa nayo.

Dawa za mapafu nazo zina deni kwa moyo. Aminofilini bado inamezwa na wengi kwa kuwa ni rahisi na haihitaji ufundi wa kuvuta. Huongeza mapigo, huweza kuyavuruga, na kiwango chake katika damu hupanda mgonjwa anapopewa siprofloksasini au erithromisini, yaani dawa zilezile anazoweza kuandikiwa au kununua anapoanza kutoa makohozi ya njano. Kwa mwenye moyo ulioshindwa, aminofilini ya vidonge inapaswa kuwa chaguo la mwisho. Inhela, kwa upande wake, huwatisha watu pasipo sababu ya kutosha: mgonjwa husikia moyo ukienda mbio baada ya mivuto miwili ya salbutamoli, akaiweka kabatini asiiguse tena. Mapigo hayo mara nyingi hutulia baada ya muda mfupi. Anayehitaji mivuto mingi kila siku haongezewi woga. Anahitaji kuangaliwa upya na, inapopatikana, kupewa inhela ya kudumu kama tiotropiamu, ambayo haipitii vipokezi vya beta.

Katika mlolongo huu wote, mtu anayeona dawa zote mara nyingi ni mmoja tu, naye si daktari bingwa. Ni mfamasia wa dirishani, au muuzaji wa duka la dawa muhimu mtaani, ambaye mgonjwa humletea karatasi ya kliniki ya moyo Jumatatu na ya kliniki ya kifua Alhamisi. Mtu huyo hajapewa mamlaka ya kubadili dawa, wala hapaswi kupewa, lakini anaweza kupewa haki ya kusimamisha: kumrudisha mgonjwa kwa aliyeandika, akiwa na maneno mawili juu ya karatasi, “ana pumu” au “anatumia timololi”. Katika vituo vingi leo akifanya hivyo huonekana mjeuri.

Mgonjwa naye ana sehemu yake, isiyo kubwa. Achukue vyote anavyotumia, vidonge, inhela, matone ya macho, dawa za mitishamba, avitie katika mfuko mmoja na kuja navyo kila kliniki. Asiazime kidonge cha presha cha jirani. Aweke mizani ya nyumbani ikiwa anaweza, maana uzito unaopanda kilo mbili ndani ya siku tatu aghalabu ni maji na si shibe. Akianza kizuia-beta na pumzi ikabadilika, aende kituoni siku hiyohiyo na pakiti mkononi, badala ya kuiacha kimyakimya na kusema kliniki ijayo kwamba ameimaliza.

Na ukurasa wa kwanza wa daftari, ambao sasa hubeba jina, kijiji na neno “pumu”, ungeweza kubeba mistari mitatu zaidi: ugonjwa wa mapafu ni upi na ulithibitishwa kwa njia gani, kizuia-beta kinaruhusiwa au hakiruhusiwi, na kwa sababu gani, potasiamu ilipimwa lini mara ya mwisho. Daktari wa macho atausoma ukurasa huo, wa tumbo pia, na yule wa zamu ya usiku ambaye hajawahi kumwona mama huyu na ana dakika kumi za kuamua ampe nini.